Shimizi Langu Lilivyogoma Kutoka Kwenye Shuka

Wenzangu, mimi aibu yangu naijua na siifichi, kwa sababu hata nikiificha itanisaidia nini, watu wote wa Old Moshi kuanzia barabarani mpaka huku juu kwetu wameiona kwa macho yao, na walioshindwa kuja wamesimuliwa na waliokuja, na juzi tu nimeshuka Kiboriloni sokoni kununua dagaa, mwanamke simjui wala hanijui, ananiangalia, anaangalia dagaa, ananiangalia tena, halafu ananiuliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo bibi, samahani, si wewe wa ile picha?" Nikamwambia marahaba, ndiye mimi, nipimie dagaa.

Basi afadhali niwasimulie mwenyewe, maana kila anayeisimulia anaongeza chake, wengine wanasema nilikuwa uchi, na mimi sikuwa uchi, nilikuwa na shimizi.

Chanzo ni kipaimara cha mjukuu wangu Glory, binti wa mwanangu Eliaichi. Na kama tunasema ukweli, chanzo hasa ni Mama Machame. Huyu ndiye aliyemzaa mke wa Eliaichi, kwa hiyo Glory tunamgawana, ana bibi huku na bibi kule, na mimi na Mama Machame tunaheshimiana sana, tunaheshimiana mpaka inachosha. Mwaka uliopita wao walikuwa na kipaimara cha kijana wao, tukaenda, tukala vizuri sisemi uongo, halafu wakatundika shuka jeupe na kuonyesha picha za kijana tangu yuko kwenye nepi mpaka yuko mbele ya madhabahu, kubwa kama mlango wa kanisa, na muziki chini yake. Mimi nikapiga makofi. Tunaaga getini, Mama Machame ananishika mkono ananiuliza, "Na nyie huko kwenu, mae, umeme unatosha kwa mambo haya?" Nikacheka. Nilicheka mpaka nyumbani, na nilipofika nyumbani nikamwambia Eliaichi, mwanangu, kipaimara cha Glory kitakuwa na shuka, hata kama ni kuuza mbuzi.

Sasa mwekeni huyo pembeni, nimlete Ndeshi. Ndeshi ni mtoto wa binti yangu, amesomea kompyuta, na amepata kazi kwa watu wa Dar wanaotengeneza mambo ya kompyuta ya mahoteli, lakini wakati ule walikuwa bado wanamjaribu, mkataba hajapewa. Akaja kwa ajili ya kipaimara na kompyuta yake begani, na uso wake kama wa mtu aliyemeza dawa ya minyoo. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, umeachwa na mtu?"

"Hapana bibi. Ni repo."

Repo ndiyo nini. Akanieleza (ana uvumilivu huyu mtoto, hakuutoa kwa mama yake) kwamba kazi zao wote wanaziweka kwenye ghala moja, lakini ni ghala la ndani ya kompyuta, huwezi kuingia na kikapu, na ghala hilo limevimba mpaka mtu akitaka kulivuta aanze kazi anasubiri hadi anasinzia. Bosi wake, mama mmoja mkali, amempa yeye kazi ya kulibana lipungue, na liwe limebanwa Jumapili jioni, kwa sababu Jumatatu asubuhi wanalihamishia kwingine. Na kila akilibana, kompyuta inaishiwa memori katikati, kazi inakufa, anaanza upya.

Nikamwambia, "Kama linabanwa si linapungua? Kitu kinachopungua kinakulaje nafasi?"

"Bibi, ukikata majani ya ng'ombe, kabla hujafunga mzigo unafanyaje?"

"Nayatandaza chini, nayapanga."

"Yakiwa yametandazwa si yanakula nafasi kuliko mzigo wenyewe? Ndiyo memori hiyo, pale pa kutandazia. Sasa mimi nimepewa majani ya pikapu nzima niyatandaze mlangoni kwa kuku."

Hapo nikamwelewa na nikamhurumia. Akasema safari hii ameiambia mashine itandaze kidogo kidogo, ifunge vimizigo vidogo, itachelewa lakini itafika, mradi isibughudhiwe. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, akaiweka kwenye meza chumbani kwangu, akaichomeka kwenye ekstensheni ya umeme (betri yake ilishakufa, bila waya haina uhai), akanigeukia mimi peke yangu kati ya watu wote wa nyumba ile.

"Bibi, wewe ndiye mlinzi. Isizimwe, isichomolewe, na mtu asifungue kitu kingine juu yake. Hata kimoja. Ikikata tena leo, hawa watu hawanipi mkataba."

Nikamwambia mjukuu wangu, mimi nimelinda ng'ombe, nimelinda kahawa, nimelinda babu yako, nitashindwa kulinda hicho.

Tukaenda kanisani, Glory akabarikiwa na wenzake, gauni jeupe, amependeza nikalia kidogo. Tukarudi. Mashine inapepesa taa yake, haina neno. Ndeshi akaichungulia, na kwa mara ya kwanza tangu afike akacheka, akasema, "Imevuka pale ilipokuwa inafia." Halafu mvua ikaanza manyunyu yale ya kwetu yasiyoisha, na ikagundulika keki iko Kiboriloni na aliyetakiwa kuileta amedhani ni mwingine, kwa hiyo Ndeshi, kwa kuwa ndiye mwepesi, akatumwa ashuke.

Mkae mkijua siku ya kipaimara mlima mzima una sherehe. Kila nyumba ina turubai, kila nyumba ina ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, mchungaji anakula kwa zamu kama daktari anayetembelea wagonjwa. Sasa kijana tuliyemkodi mwenye kompyuta ya kuonyesha picha alikuwa ameleta projekta asubuhi, akaiacha mezani chini ya turubai, akaondoka na kompyuta kwenda kumalizia sherehe nyingine, na huko nako wakamng'ang'ania. Watu wameshakula mtori, wameshakula nyama, mbege inazunguka, shuka langu jeupe limetundikwa linaning'inia bure. MC wetu, kijana wa Soweto ya hapo Moshi mjini anaitwa Baraka, suti ya zambarau, akashika kipaza sauti akasema, "Wazazi na walezi, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kipengele cha picha tutakiruka."

Mama Machame alikuwa amekaa kiti cha mbele na mumewe. Akanigeukia polepole, kama mtu anayegeuza ndizi kwenye makaa.

"Si neno, mae. Picha ni mambo ya watu wenye vifaa."

Hapo ndipo nilipoamua. Ni neno moja tu nililosema, na mpaka leo nikilikumbuka natamani kujipiga kwa mwiko. Nilisema, "Kifaa kipo."

Msinione mjinga. Niliingia chumbani, nikaitazama ile kompyuta, imetulia kama ng'ombe anayecheua, herufi zinatembea kidogo, zinasimama, zinatembea. Nikasema moyoni, mwanamke anakoroga sufuria huku mtoto yuko kwenye ziwa, huku anamjibu jirani aliye nje ya ua, kompyuta yenye akili zote hizi itashindwaje kuonyesha picha huku inafunga vimizigo vyake. Na wala sikuichomoa. Kwa vile turubai limeegemea nyumba, na waya wa ekstensheni ulishatoka chumbani kwangu kupitia dirishani kwenda kwenye projekta na muziki, nilimwita Eliaichi tukaitoa dirishani na waya wake, taratibu, kama tunatoa maiti.

Baraka akaipokea, akaitazama. "Bibi, mbona kuna kitu kinaendelea humu?"

"Kiache kiendelee. Wewe weka picha pembeni."

"Pembeni wapi, bibi?"

"Popote, Baraka. Watu wanasubiri."

Eliaichi akatoa flashi. Hiyo flashi ndiyo msiba wa pili, kwa sababu mwanangu alikusanya picha kwenye simu za ukoo mzima akazimwaga humo bila kuchagua, anasema alidhani zote ni za Glory. Baraka akasema flashi ni nzito, anazihamishia kwanza picha zote ndani ya kompyuta, akazimwaga pale alipokuta pako wazi, akazifungua zote kwa pamoja, na shuka likawaka.

Na kwa muda mfupi, jamani, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Old Moshi. Glory mchanga amefungwa kwenye blanketi. Vigelegele. Glory anatambaa kwenye majani ya migomba. Vigelegele. Glory na sare ya shule, soksi moja juu moja chini, watu wanacheka, na Mama Machame amenyamaza, amenyamaza kabisa, nikamtazama kwa pembeni nikaona hata glasi yake ya mbege ameisahau mkononi. Nikasema asante Mungu.

Kisha picha zikaanza kuchelewa. Moja ikaja nusu, kichwa bila miguu. Kompyuta ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga mahindi. Baraka akabonyeza, haitoki, akabonyeza tena, ikatoka, na iliyofuata ilikuwa mimi.

Niwaeleze hiyo picha vizuri kwa sababu walioongeza chumvi ni wengi. Ni asubuhi moja ya mvua, ng'ombe wangu Malkia amekata kamba anakimbilia kwenye mahindi ya jirani. Mimi nimetoka kitandani kama nilivyo. Nimevaa shimizi, mtumba wa hapo Kiboriloni, lenye vilesi kifuani na tundu moja dogo pembeni, na miguuni gambuti za marehemu mume wangu. Meno yangu ya bandia yako ndani kwenye kikombe. Nimeshika mkia wa Malkia kwa mikono miwili, Malkia anakwenda, mguu wangu mmoja uko hewani, na mdomo nimeufungua mpaka unaona nilichokula jana yake, kwa sababu nilikuwa namwita Eliaichi anisaidie, na Eliaichi, mwanangu wa kumzaa, ndiye aliyekuwa anapiga picha.

Hiyo ndiyo ikakaa kwenye shuka.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikasema haya, Baraka, inayofuata. Baraka akabonyeza. Nikacheka tena kidogo. "Inayofuata, mwanangu." Baraka jasho linamtoka, kule shukani mimi nipo, mkia ninao. Mchungaji ameinamia sahani yake na sahani haina kitu. Na mzee wa Machame, mume wa mwenzangu, kwa sababu kwetu mzee kama yule hamwangalii mkwe mwenzake akiwa na nguo za ndani, akanyanyuka taratibu na kiti chake, akakigeuza, akakaa ameelekea migomba. Kwa heshima tu. Lakini alipogeuka, wazee wote wa upande wao wakageuza viti nao, safu nzima, na hiyo ndiyo iliyoniua, maana sasa hata aliyekuwa hajaona alijua kuna kitu cha kutoangaliwa, akaangalia.

Nikamwambia Baraka azime. Akanyoosha mkono, na hapo ndipo nilipomkumbuka Ndeshi. Nikamshika ule mkono.

"Usizime."

"Bibi, unajiona pale lakini?"

"Najiona. Usizime. Eliaichi, mpigie Ndeshi."

Eliaichi akapiga, akaweka sauti kubwa, na Baraka, sijui ni woga sijui ni mazoea, akasogeza kipaza sauti, kwa hiyo mazungumzo yangu na mjukuu wangu yalisikika mpaka kwa majirani.

"Ndeshi, mashine imegoma kidogo."

"Imegomaje? Bibi, mmefungua nini juu yake?"

"Picha tu."

"Picha ngapi?"

"Zote."

Nilisikia mvua ya upande wake. Kisha akasema polepole, ile sauti ya mtu anayejizuia asimtukane mzee, "Bibi, ile taa ya pembeni inapepesa?"

"Inapepesa."

"Basi bado inahangaika. Mtu asiizime. Msichomoe waya wowote, hata wa projekta, hiyo ekstensheni imelegea, ukigusa mmoja inakata yote. Nimepata bodaboda, nakuja. Bibi, tafadhali. Ni mkataba wangu."

Watu wote wakasikia ni mkataba wake. Kwa hiyo sasa hakuna mwenye ruhusa ya kugusa kitu, na projekta nayo kitufe chake kilishakufa zamani, inawaka na kuzima kwa kuchomekwa tu. Mimi niko shukani.

Sasa sikilizeni akili za watu wazima wakiwa kwenye shida. Dada yangu akasema litolewe shuka. Wakalitoa. Nyuma ya shuka kuna ukuta wa nyumba yangu, umepakwa chokaa nyeupe kwa ajili ya sherehe hiyo hiyo, mimi nikawa mkubwa zaidi, mkia wa ng'ombe unaanzia dirishani unaishia mlangoni. Wakarudisha shuka. Mke wa Eliaichi akavua kanga yake akaifunika projekta. Ikatulia, tukashukuru, halafu ikaanza harufu, kanga inataka kuungua, na Eliaichi anapiga kelele kwamba itakata umeme, ikavutwa ile kanga haraka, nikarudi. Nakuapieni nilirudi ninang'aa kuliko mwanzo.

Uvumilivu ukaniishia. Nikaenda nikasimama mbele ya ile taa mwenyewe, na mwili wangu mnaujua, unatosha kuziba. Na kweli shukani picha ikapotea. Nikapumua. Nikaona watu wananitazama mimi sasa, wamefunika midomo, nikainama kujiangalia: picha yote imehamia kwangu. Nimevaa kitenge changu kipya cha kanisani na juu ya kitenge nimevaa shimizi, vilesi vimekuja sawasawa kifuani, na Malkia ananitokea begani.

Sikutoka. Ningetokea wapi? Nilisimama pale na shimizi langu la mwanga, na Baraka naye, kwa kuwa alilipwa kuendesha sherehe, akaiendesha. Hotuba zikatolewa. Zawadi zikaletwa kwa nyimbo, watu wanapita mbele yangu wanacheza, wananipa mkono, "Hongera bibi," nawajibu aika, aika mae, asante, asante mama, taa inaniingia jicho moja. Mjomba wa Glory akanishikisha hata kuku.

Ndeshi akafika amelowa, keki imelowa, hakusalimia mtu. Akapiga magoti mbele ya kompyuta. Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Je?"

"Vyote viwili bado vipo hai, picha na kazi, na nafasi haiwatoshi. Mashine ikifika mwisho inachagua mmoja inamuua ili mwingine apate."

"Inamchagua nani?"

"Mara nyingi aliyenenepa."

"Na nani amenenepa?"

Akasogeza uso kwenye kioo. Mchungaji, ambaye mpaka hapo alikuwa anatafuta jambo la kufanya, akasogea akauliza kwa upole kama aombe. Ndeshi bila kugeuka akasema, "Omba picha zife, mchungaji." Na mchungaji akainamisha kichwa kweli, sijui aliomba kwa maneno gani, hilo jambo halimo kwenye kitabu cha ibada.

Ghafla kitenge changu kikawa kitenge. Nikageuka, shuka jeupe, halina mtu wala ng'ombe. Wakapiga vigelegele ambavyo Glory mwenyewe hakupigiwa kanisani, wazee wa Machame wakageuza viti vyao, Baraka akawasha muziki, mimi nimeinua kuku juu nacheza. Nilicheza kidogo mpaka nikamwona Ndeshi. Alikuwa bado amepiga magoti, anaangalia kioo.

"Mjukuu wangu, si picha zimekufa?"

"Zimekufa, bibi," akasema. "Na kazi imekufa. Zote mbili."

Mimi niliwahi kupigwa teke na ng'ombe tumboni. Nachagua teke.

Akachukua simu akaenda nyuma ya banda la ng'ombe kumpigia bosi wake, na mimi nikamfuata na kuku wangu mkononi. Nilimsikia anasema samahani, samahani dada, imekata tena, hapana hakuna sababu, ni mimi tu. Ni mimi tu. Mtoto ananificha. Nikamnyang'anya simu.

"Haloo. Mimi ni bibi yake. Si yeye, ni mimi. Aliniambia nisiguse, nikagusa, kwa sababu ya Mama Machame."

Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo bibi. Mama Machame ni nani?"

Basi nikamwambia yote, mwaka uliopita, shuka, kifaa kipo, ng'ombe, viti kugeuzwa. Hakunikatiza. Nikasikia anapumua kwa shida, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka ameziba simu. Mwisho akasema nimpe Ndeshi, na Ndeshi akaweka sauti kubwa makusudi nisikie.

"Ndeshi, hiyo mashine yako ina memori kiasi gani?"

Ndeshi akamtajia.

"Na unabania ghala letu lote kwenye hiyo? Kwa nini hukusema ni ndogo? Hapa ofisini kuna mashine kubwa imekaa bure tangu Ijumaa."

"Niliogopa mtaona siwezi."

"Haya, tuma huku kazi yako yote uliyoisafisha kabla ya kuanza kubana, tuma sasa hivi, tutabana sisi usiku huu."

Nikamtazama mjukuu wangu na yeye akanitazama. Wiki nzima anameza dawa ya minyoo, mashine imekaa bure. Ningemwambia nini mimi.

Akatuma haraka haraka, kila kilichokuwa pale, kisha tukarudi kukata keki, ililowa lakini ilikatika. Wageni wanaaga, Mama Machame akaja kunishika mkono. Nikajiandaa. Akanisogelea sikioni.

"Mae, pale ulipokuwa umesimama, mbona hamkuweka tu kreti la soda mbele ya ile taa?"

Nikageuka kutazama. Makreti yalikuwa yamepangwa pale pale, karibu na goti langu.

"Uliliona tangu lini?"

"Tangu kanga," akasema. "Lakini nilikuwa nimekaa vizuri."

Na akaenda zake, na mumewe nyuma yake ananiaga huku anaangalia viatu.

Mngedhani imeishia hapo. Jumatatu mchana simu ya Ndeshi inalia, bosi. Wamebana usiku kucha, ghala limekubali, limepungua vizuri, lakini kuna sehemu moja badala ya kupungua imeongezeka, wakafungua kuona ni nini. Mnakumbuka Baraka alizimwaga picha pale alipokuta pako wazi? Pako wazi ndiyo folda ya kazi ya Ndeshi, na Ndeshi katika haraka zake akatuma kila kilichokuwamo. Blanketi, soksi moja juu moja chini, na mimi na Malkia, vyote vimeingia kwenye mambo ya mahoteli. Bosi akaomba kuongea na mimi.

"Bibi, tulitaka ghala lipungue, na wewe umeingia humo mzima."

Nikamwambia anitoe basi, anifute. Akasema ghala hilo halifuti hivyo, hata ukikitoa kitu leo, lile la jana linabaki limekishika, mpaka mtu akae chini alirudie lote tangu picha ilipoingia, kisha libanwe upya. Nikauliza na huyo mtu ni nani.

"Ndeshi," akasema. "Mkataba wake ataukuta mezani, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza."

Mtoto alilia kwa furaha, nami nikalia, sijui yangu ilikuwa ya nini.

Juzi amenipigia toka huko. Anasema ameshanitoa kwenye ghala kubwa, nimetoka kabisa. Nikamshukuru Mungu. Akasema lakini, bibi, wenzangu wote walishachukua nakala zao kabla, kwa hiyo kwenye kompyuta zao bado upo, na mmoja amekuweka mbele kabisa, akiwasha tu anakuona. Mimi Dar sijawahi kufika hata siku moja, na nimeshafika, kwa shimizi, bila meno.

Siku nitakayokwenda kwa miguu yangu nitavaa kitenge na koti juu yake, na meno nitayavaa tangu Moshi. Na kompyuta ya mtu ikiwa inafanya kazi yake, hata ikiwaka moto, mimi nitaita mwenye nayo na kukaa mbali, na Mama Machame aseme anachotaka kusema.